Kushikwa si kushika: kwa nini seli iliyobanduliwa hupumua tofauti

Kuna ujumbe wa WhatsApp usiokufa. Unasema Mjerumani Otto Warburg alipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua kwamba saratani haiwezi kuishi penye oksijeni, kwa hiyo tiba ni kuvuta pumzi ndefu, kunywa maji ya alikali na kuacha sukari. Watu huusambaza kwa nia njema, na wapo wagonjwa wanaouamini kiasi cha kuchelewa kwenda hospitali.

Warburg alipata tuzo hiyo mwaka 1931 kwa kazi yake juu ya kimeng'enya ambacho seli hukitumia kupumulia. Suala la saratani alilichunguza kabla ya hapo, katika miaka ya 1920. Alichokiona ni kwamba vipande vya uvimbe wa panya vilimeza glukosi kwa wingi na kutoa asidi ya laktiki hata pale oksijeni ilipokuwa tele. Vipande hivyo havikufa kwa oksijeni. Vilikuwa vinaitumia, tena kwa kiasi kisicho mbali na cha tishu za kawaida.

Nadhani ujumbe huu unashika kasi kwa sababu tunaichukulia seli kama mashine ya kiwanda: ama inatumia oksijeni au haitumii, na basi. Ukweli ni kwamba seli ileile, ikiwa na sukari ileile, siku ileile, hubadilisha matumizi yake ya oksijeni kulingana na kitu ilichokishika. Kwa seli zinazokuzwa maabarani jambo hili ni zito kuliko watu wengi wanavyodhani, na habari nyingi za "dawa imeua seli za saratani kwenye sahani" hazieleweki bila kulijua.

Tuanze na maneno. Kukuza seli ni kuzitoa kwenye mwili wa mtu au mnyama na kuziweka kwenye chombo chenye maji ya lishe, yaani glukosi, chumvi, amino asidi, vitamini, na mara nyingi asilimia 10 ya seramu ya ndama (maji ya damu yaliyoondolewa chembe). Chombo hukaa kwenye kiatamizi, kabati lenye joto la nyuzi 37, unyevu mwingi na kaboni dayoksaidi asilimia 5. Hiyo kaboni dayoksaidi si ya kupumulia. Inashirikiana na bikaboneti iliyomo kwenye maji ya lishe ili asidi isiyumbe.

Umetaboli ni jumla ya kazi zote za kemia ndani ya seli, hasa jinsi inavyovunja chakula na kupata nguvu. Nguvu yenyewe hubebwa na molekuli iitwayo ATP. Glukosi moja inaweza kupita njia mbili. Njia fupi haihitaji oksijeni: glukosi inavunjwa nusu, seli inapata ATP 2, na mabaki yanatoka kama asidi ya laktiki. Njia ndefu inaendelea hadi ndani ya mitokondria, yaani vijiko vidogo vya nguvu vilivyomo ndani ya seli, inakula oksijeni, na inatoa ATP zipatazo 30. Mkulima anayeuza muhogo mbichi shambani anapata hela papo hapo, ila kidogo. Anayeukausha, kuusaga na kuupeleka sokoni anapata zaidi, lakini anahitaji mashine, usafiri na muda. Seli hufanya yote mawili kwa wakati mmoja, na uwiano wake hubadilika.

Sasa mshiko. Seli nyingi za damu zimeumbwa kuelea. Za ngozi, ini, figo, titi na misuli zimeumbwa kushika kitu, ama wavu wa protini unaozizunguka, ama jirani zake. Vikono vya kushikia wavu vinaitwa integrini, na binadamu ana aina 24. Vya kushikia jirani vinaitwa kadherini. Kwenye sahani ya maabara seli haishiki plastiki yenyewe. Plastiki hiyo imetengenezwa ipende maji, na dakika chache baada ya kumimina maji ya lishe, protini za seramu kama fibronektini na vitronektini zinatanda juu yake. Seli huzishika hizo.

Integrini ni nanga yenye kengele. Jahazi likitia nanga na nanga ikang'ata mwamba, kamba inakaza na nahodha anajua. Vivyo hivyo, integrini ikishika, upande wa ndani kamba za aktini, protini inayoipa seli umbo, zinakaza, na protini kadhaa zinaamshana kwa zamu: FAK, Src, PI3K, kisha Akt. Majina hayo unaweza kuyasahau, ila ya mwisho ishike. Akt ndiyo inayoleta milango ya glukosi kwenye utando wa seli na kuchochea hatua za kwanza za kuivunja. Kwa hiyo kushika kunaiambia seli iko nyumbani, na kunaifungulia stoo.

Ukiibandua, kengele inanyamaza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulitumia seli za titi la binadamu zisizo za saratani, zikazuiwa zisishike chochote. Uingizaji wa glukosi ulishuka, ATP ikapungua, na chembe chokozi za oksijeni zikaongezeka. Kazi nyingine ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba seli zilizobanduliwa huongeza kimeng'enya PDK4, ambacho hufunga lango linaloingiza mabaki ya glukosi kwenye mitokondria. Hebu fikiria hali hiyo: oksijeni ipo tele kwenye maji, mitokondria ni nzima, lakini kuni hazifiki jikoni. Seli ya kawaida ikikaa hivyo kwa saa nyingi, hujiua. Kifo hicho kilipewa jina mwaka 1994, anoikisi, kutoka Kigiriki, kwa maana ya kukosa makao.

Hapo kuna jambo linalostahili kusomwa polepole. Katika utafiti ule wa 2009, seli zilizobanduliwa zilipopewa vizuia oksidi, yaani vitu vinavyotuliza zile chembe chokozi, ATP yake ilipanda tena, kwa sababu ziliweza kuchoma mafuta badala ya glukosi. Vizuia oksidi viliisaidia seli isiyo na makao iendelee kuishi. Hii haina maana kwamba matunda yanaleta saratani, hata kidogo. Ina maana kwamba tangazo la vidonge vya vizuia oksidi kama kinga ya kila kitu limeruka swali muhimu: vinamlinda nani? Seli ya saratani inayosafiri kwenye damu kutoka kwenye uvimbe kwenda kwingine nayo ni seli iliyong'oka, na inakabili njaa hiyohiyo.

Mshiko wenyewe nao una viwango. Plastiki ya sahani ni ngumu zaidi ya mara 100,000 kuliko tishu laini za mwili. Seli ikishika kitu kigumu hivyo, inajivuta, inalala bapa kama chapati na kujaza kamba nene za aktini. Mwaka 2020 watafiti walieleza kinachofuata kwenye seli za mirija ya mapafu. Kamba nene za aktini hukamata protini iitwayo TRIM21. Seli ikiwekwa juu ya jeli laini kamba hizo huyeyuka, TRIM21 inaachiwa, inakwenda kuharibu PFK, kimeng'enya kinachoongoza kasi ya njia fupi, na uvunjaji wa glukosi unapungua. Seli za saratani za mapafu walizozipima zilibaki na kasi kubwa hata mahali laini. Kwa maneno mengine, sehemu ya "ulaji sukari" tunaouona kwenye sahani unaletwa na ugumu wa sahani yenyewe. Ongeza hapo kwamba maji ya lishe yanayotumika sana yana glukosi gramu 4.5 kwa lita, karibu mara 5 ya iliyomo kwenye damu ya mtu mwenye afya aliyefunga. Seli nyingi zikipewa glukosi nyingi hivyo hupunguza upumuaji, jambo lililoelezwa na Herbert Crabtree tangu mwaka 1929.

Mpaka hapa tumeongelea seli inataka oksijeni kiasi gani. Sehemu inayosahaulika ni kama oksijeni hiyo inaifikia.

Wafugaji wa perege wanajua: alfajiri, oksijeni ikipungua bwawani, samaki hupanda juu kuhema. Seli iliyoshika chini ya sahani haiwezi kupanda. Hewa ya ndani ya kiatamizi, baada ya kuchanganyika na mvuke na kaboni dayoksaidi, ina oksijeni karibu asilimia 18.6, si 21. Katika lita moja ya hewa hiyo mna milimoli 7 hivi za oksijeni (moli ni kipimo cha idadi ya molekuli). Katika lita moja ya maji ya lishe yaliyoguswa na hewa hiyo mna takriban 0.2 tu. Na kutoka juu hadi chini, maji yakiwa yametulia, oksijeni husafiri kwa kupenya taratibu. Ukizidisha kina mara mbili, kiwango cha juu kinachoweza kufika chini kinapungua nusu.

Tupige hesabu. Kwenye maji yenye kina cha milimita 2, kiasi cha juu kinachoweza kufika chini ni karibu nanomoli 90 kwa saa kwa kila sentimita ya mraba. Seli 100,000 za kawaida kwenye eneo hilo, kila moja ikitumia femtomoli 3 kwa dakika (nanomoli moja ni femtomoli milioni), zinahitaji nanomoli 18. Zinatosheka. Sasa chukua sahani ya vishimo 96, ambayo kila kishimo kina eneo la sentimita za mraba 0.32. Ukiweka mikrolita 100 kina ni milimita 3 hivi. Ukiweka 200, kama wengi wanavyofanya ili kisikauke wikiendi, kina kinafika milimita 6 na kiwango cha juu kinashuka hadi 30. Seli zikisongamana hadi 200,000 kwa sentimita ya mraba zinataka 36. Hazipati. Seli za ini zilizotolewa karibuni hupumua kwa nguvu zaidi, na 150,000 kati yake zinaweza kutaka 160, kiasi ambacho hata milimita 2 haikidhi. Kiatamizi kitaonyesha kila kitu ni sawa huku seli zinakosa hewa chini kabisa, zinageukia njia fupi, na maji ya lishe yanageuka manjano kwa asidi kabla ya siku yake. Mtafiti asiyepima kina ataandika kwamba seli hizi "zinapendelea" sukari.

Kwa hiyo unapoandika matokeo, taja kina au ujazo kwa eneo. Mikrolita 200 kwa sentimita ya mraba ni milimita 2. Chupa ya sentimita za mraba 75 inahitaji mililita 15.

Watu wengine hudhani seli zinazoelea zimeepuka shida hiyo. Si lazima. Seli isiyoshika, ikiwekwa kwenye sahani iliyotulia, inazama chini baada ya dakika chache na kukaa palepale penye hewa haba. Tena zikikosa pa kushika, seli za tishu hushikana zenyewe na kuwa vibonge. Oksijeni hupenya kwenye kibonge kwa mikromita 150 hadi 200 hivi, kwa hiyo kibonge chenye kipenyo kinachozidi mikromita 500 mara nyingi huwa na kiini kilichokufa. Ukilinganisha "zilizoshika" na "zisizoshika" bila kutikisa chombo wala kuzuia vibonge, umelinganisha mambo matatu kwa mkupuo na hutajua lipi limefanya kazi.

Upimaji wenyewe una mitego. Elektrodi ya Clark ni chombo cha zamani na kizuri: chumba kidogo chenye maji yanayokorogwa na kihisio kinachofuatilia oksijeni inavyopungua. Lakini kinapokea seli zinazoelea. Ukitaka kupima seli zilizoshika, sharti uzibandue, na ukishazibandua umebadilisha kitu ulichokuja kukipima. Mashine za sahani, kama Seahorse, zilileta nafuu kubwa: seli hubaki zimeshika, kihisio kinateremka hadi mikromita 200 hivi juu yake, kinafunga chumba cha mikrolita kama 2, na oksijeni inasomwa kwa pikomoli kwa dakika.

Kubandua kwenyewe kufanywe hivi. Suuza seli mara mbili kwa maji ya chumvi yenye bafa yasiyo na kalsiamu wala magnesiamu, kwa sababu kadherini hutegemea kalsiamu, integrini hutegemea hasa magnesiamu, na mabaki ya seramu huzuia tripsini, kimeng'enya kinachokata protini za mshiko. Weka tripsini ya asilimia 0.05 hadi 0.25 pamoja na EDTA, ambayo hunyakua kalsiamu na magnesiamu, nyuzi 37, dakika 2 hadi 5. Angalia kwa hadubini: seli zilizokuwa bapa zinajikunja kuwa duara na kung'aa pembeni, kisha zinateleza ukigonga chupa kidogo. Hapo simamisha kwa maji ya lishe yenye seramu. Ukizisahau dakika 15, tripsini inaendelea kukata protini za juu ya utando, zikiwemo integrini, na baadhi ya seli zinapasuka. DNA iliyomwagika huzigandisha zilizobaki kama uji wa bamia, na hesabu yako ya seli haiaminiki tena. Zungusha kwa nguvu ya mara 200 hadi 300 ya uvutano (g) kwa dakika 5, hesabu kwa rangi ya tripani bluu, inayoingia kwenye seli zilizokufa, na kama zilizo hai hazifiki asilimia 90, usiendelee na jaribio.

Seli zikirudishwa kwenye sahani huonekana zimeshika ndani ya saa chache, ila utando wake bado unatengeneza upya vilivyokatwa. Subiri saa 16 hadi 24. Na mbali na kundi lililoshika na lisiloshika, uwe na kundi la tatu ambalo wengi hawaliweki: seli zilizobanduliwa na kupimwa palepale. Hilo ndilo linalotenganisha jeraha la tripsini na athari ya kukosa mshiko. Kundi lisiloshika huwekwa kwenye sahani iliyopakwa poli-HEMA, au iliyofunikwa tabaka la jeli ya agarosi ya asilimia 1 hadi 1.5, vitu ambavyo seli haziwezi kuvishika.

Kisha kuna gundi. Ili mashine ya sahani ipime seli zinazoelea, watu hupaka poli-lisini chini. Poli-lisini ina chaji chanya, utando wa seli una chaji hasi, vinavutana. Seli imekaa imara, picha ni nzuri, na mtafiti anaandika "seli zilizoshika". Lakini integrini haikung'ata kitu, na kengele haikulia. Seli hiyo imeshikwa, haijashika. Palipo na seramu au muda mrefu mambo huchanganyika, kwa kuwa fibronektini hutanda hata juu ya poli-lisini. Kwa kipimo cha saa moja bila seramu, tofauti kati ya poli-lisini na fibronektini ni jaribio zuri kuliko yote ninayoyajua la kutenga kukaa mahali na kupokea ishara.

Kosa linalorudiwa kuliko mengine ni la hesabu. Seli zenye mshiko dhaifu huondoka na maji unapobadilisha lishe, na nyingine hupeperushwa mashine inapochanganya. Kishimo kilichokuwa na seli 20,000 asubuhi kina 12,000 wakati wa kupima. Oksijeni inashuka kwa asilimia 40 na mtu anatangaza kwamba dawa imezima mitokondria. Dawa imefanya seli ziachie tu. Baada ya kila kipimo hesabu viini vya seli vilivyobaki kwenye kishimo hichohicho, au pima DNA yake, na ugawanye. Protini inafaa pia, isipokuwa pale ulipopaka kolajeni au fibronektini chini, kwa sababu utakuwa unapima na rangi ya ukuta.

Dawa za kupimia nazo zirekebishwe kwa kila hali ya mshiko. Oligomisini huzima kitengeneza ATP, na oksijeni inayoshuka hapo ndiyo iliyokuwa inaenda kwenye ATP. FCCP huachia mitokondria zikimbie kwa uwezo wake wote. Rotenoni na antimisini huzifunga kabisa, na kinachobaki si cha mitokondria. Kiasi cha FCCP kinachofaa kwa seli bapa kinaweza kuzisumbua zilizojikunja, kwa hiyo jaribu ngazi kadhaa, tuseme mikromola 0.5, 1 na 2, kwa kila kundi peke yake.

Tukirudi kwenye ule ujumbe wa WhatsApp, majibu sasa ni mepesi. Seli nyingi za saratani hupumua oksijeni. Zinatofautiana na za kawaida zaidi katika kuhimili kubanduliwa: hutafuta njia nyingine za umetaboli pale ambapo seli ya kawaida ingekufa. Kuvuta pumzi ndefu hakubadilishi hilo, na maji ya alikali hayafiki kwenye uvimbe yakiwa alikali, maana mwili hushikilia asidi ya damu mahali pamoja.

Mahali ambapo maarifa haya yanatumika kila siku ni kwenye chanjo. Chanjo nyingi za kichaa cha mbwa anazochomwa mtu aliyeng'atwa, Tanga au Kisumu, hutengenezwa kwa kukuza virusi ndani ya seli za Vero, zilizotoka kwenye figo ya tumbili wa Afrika na kuanzishwa Japani mwaka 1962. Kwa kawaida seli za Vero zinataka kushika, na kiwanda kinataka kuzikuza kwenye matangi makubwa. Suluhisho, lililoanzia mwaka 1967, ni shanga ndogo sana, kipenyo chake kama mikromita 200. Seli hushika shanga, shanga huelea. Gramu moja ya shanga kavu inaweza kutoa zaidi ya sentimita za mraba 4,000 za kushikia, na maji yanayokorogwa huleta oksijeni hadi mlangoni. Ukikoroga polepole mno, shanga zinatua na seli zinakosa hewa. Ukikoroga kwa kasi mno, seli zinachubuka na kuanguka. Ndiyo maana kabla ya virusi kuwekwa, fundi wa tangi anaangalia hewa inayohitajika kuliko kitu kingine: hitaji la oksijeni likishuka ghafla huku glukosi bado ipo, hachezi na mitambo. Anachota mililita chache, anaziweka chini ya hadubini, na kuhesabu shanga zilizo uchi.